Densi ya Tumbo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Asili Yake na Ilivyobadilika

Nimelelewa Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba ambayo harusi ikikaribia, leso hufungwa viunoni kabla hata mchele haujachambuliwa. Ukubwani nikaipenda densi ya Wamisri, nikajifunza, na sasa nawafundisha wanawake wenzangu sebuleni kwangu, mapazia yakiwa yameteremshwa. Maswali haya naulizwa karibu kila wiki: na mama zetu, na mabinti walioona video kwenye simu, hata na waume wanaotaka kujua wake zao wanajifunza nini. Penye mengi ya kusema nimekaa kitako. Kwingineko nimepita tu.

Kwa nini inaitwa densi ya tumbo?

Jina hilo ni la wageni. Waarabu wenyewe husema raqs sharqi, yaani densi ya Mashariki, kwa ile ya jukwaani, na raqs baladi, yaani densi ya kwetu, ya kienyeji, kwa ile ya nyumbani na mitaani. Katika majina yote mawili hamna tumbo.

Tumbo lililetwa na Wafaransa. Mwaka 1863 mchoraji Jean-Léon Gérôme alichora mchezaji wa Kimisri akicheza mbele ya askari waliokaa chini, na picha ile ikabandikwa jina la danse du ventre, kwa dhihaka. Paris ilipofanya maonyesho makubwa ya kimataifa mwaka 1889, ulijengwa mtaa mzima wa kuigiza Cairo, wachezaji wakiwemo, na jina likatapakaa. Kisha yakaja maonyesho ya Chicago ya mwaka 1893. Pale, sehemu ya burudani iliyoitwa Midway Plaisance ilikuwa chini ya kijana wa miaka 23, Sol Bloom, ambaye baadaye alikuja kuwa mbunge wa New York. Nako ulijengwa Mtaa wa Cairo, na Bloom akaeleza katika kumbukumbu zake kwamba alijua watu wakishasikia lile neno la Kifaransa linahusu tumbo, watafurika. Walifurika. Mlinzi wa maadili wa zama hizo, Anthony Comstock, alikwenda akataka densi ile ifungwe, na kelele zake zikazidi kuuza tikiti.

Kwa hiyo jina tunalolitumia leo ni jina la biashara. Mimi nalitumia kwa sababu ndilo linalojulikana, lakini kila mwanafunzi wangu siku ya kwanza namwambia: liache tumbo, sikiliza nyonga.

Ilianza lini? Nimesoma kwamba ina miaka 5,000.

Hiyo tarakimu utaikuta kila mahali na hakuna atakayekuonyesha alikoitoa. Tulicho nacho ni vipande. Katika jumba la makumbusho la British Museum, London, kuna picha iliyotolewa kaburini kwa Nebamun, karani wa Misri ya kale, ya yapata mwaka 1350 kabla ya Kristo. Wasichana wawili wanacheza, mmoja mikono imeinuka, viunoni wamevaa mikanda myembamba tu, na pembeni wenzao wanapiga makofi na zumari. Mtu wa pwani akiiona, mwili wake unaitambua. Lakini picha haitikisiki. Haiwezi kukuambia nyonga ilikwenda kushoto au ilizunguka.

Karne ya kwanza na ya pili baada ya Kristo, washairi wa Kirumi Martial na Juvenal waliandika kuhusu wasichana wa Gades, mji uitwao leo Cádiz, Hispania, waliosifika kwa kutikisa viuno karamuni. Kwa hiyo kukata kiuno ni jambo la kale kote kuzunguka Bahari ya Kati, kama lilivyo la kale kwetu Afrika. Ila kutoka kwa wasichana wale hadi mchezaji wa Cairo wa leo hakuna uzi usiokatika tunaoweza kuushika mkononi. Historia inayofuatika, yenye watu, mitaa na amri za serikali, inaanzia Misri na dola ya Uturuki katika karne za 18 na 19.

Je, si kweli kwamba ilianza kama mazoezi ya kumsaidia mwanamke kujifungua, au ibada ya miungu wa kike?

Ni simulizi nzuri, na naelewa kwa nini wanawake wanaipenda: inaipa densi heshima ambayo watu wameinyima. Mwanzoni mwa karne ya 20 mchezaji wa Kiarmenia, Armen Ohanian, aliandika kwamba densi hii ni fumbo la uzazi, na baadaye walimu wengi wa Marekani na Ulaya wakaishikilia kauli hiyo. Kuzungusha nyonga kunamfaa mjamzito, wakunga wengi watakuambia. Lakini kufaa ni jambo moja, na asili ni jambo jingine. Ushahidi kwamba densi hii ilizaliwa chumba cha kuzalia au hekaluni haupo.

Mimi sioni kwamba inahitaji miungu ili iheshimike. Ina wanawake wenye majina, waliofanya kazi kwa jasho lao, na hao wanatosha.

Basi ilikuwa ya kumstarehesha sultani katika nyumba yake ya wanawake?

Hiyo ni picha ya wachoraji wa Ulaya. Harimu ni sehemu ya nyumba wanapokaa wanawake na watoto, na mwanamume mgeni hakanyagi. Gérôme na wenzake hawakuingia. Walichora walichotamani kukiona. Ukitaka kujua kilichokuwa kikitokea ndani, fikiria harusi zetu za pwani usiku wa wanawake: buibui zimevuliwa, milango imefungwa, dada anacheza, shangazi anapiga vigelegele, na hakuna mwanamume hata wa kuleta maji. Huko ndiko densi hii ilikolelewa, wanawake wakichezeana wenyewe.

Awalim na ghawazi ni akina nani?

Hawa ndio wazazi wa kazi hii, na ningependa wajulikane zaidi.

Awalim, mmoja wao huitwa alma, jina lao linatokana na elimu, kwa mzizi ule ule uliotupa neno letu mwalimu. Walikuwa waimbaji kwanza, wenye mashairi kichwani na sauti ya kuyabeba, wakiitwa kwenye majumba ya watu wakubwa kuwaimbia na kuwachezea wanawake. Ghawazi walikuwa wachezaji wa hadhara: mbele ya nyumba, kwenye mawlid ya mawalii, uwanjani, uso wazi. Mwingereza Edward William Lane, aliyekaa Cairo na kuchapisha kitabu chake mwaka 1836, aliwaeleza kwa urefu, na alisisitiza kwamba wageni wa Ulaya walikuwa wakiwachanganya makundi haya mawili. Bado wanachanganywa.

Mwaka 1834 mtawala wa Misri, Muhammad Ali, aliwafukuza Cairo wachezaji wa kike wa hadharani pamoja na makahaba, wakapelekwa Misri ya Juu, yaani kusini: Qena, Esna, Aswan. Amri moja, na maisha ya watu yakahama mamia ya kilomita. Ndiyo maana mwandishi Mfaransa Gustave Flaubert alipotaka kuwaona wachezaji mwaka 1850, ilimbidi apande Mto Nile mpaka Esna, na huko akamkuta mwanamke aliyejulikana kwa jina la Kuchuk Hanem, maana yake kwa Kituruki ni bibi mdogo. Alichoandika Flaubert juu yake kilisomwa Ulaya yote. Alichofikiri yeye Kuchuk Hanem hakikuandikwa na mtu, na kila nikilifikiria hilo moyo unaniuma.

Nafasi iliyoachwa Cairo haikukaa tupu. Vijana wa kiume walioitwa khawal, wakivaa nguo zinazokaribia kuwa za kike, wakashika kazi kwenye harusi na sherehe. Baadaye amri ililegea, wanawake wakarudi, na karne ya 19 ikielekea mwisho kazi ilijikusanya Barabara ya Muhammad Ali, Cairo, ambako mafundi wa ala za muziki, wapigaji na wachezaji waliishi mlango kwa mlango. Kundi la wanawake liliongozwa na mkubwa wao aliyeitwa usta, cheo kile kile cha fundi wa karakana. Yeye ndiye aliyepatana bei na wenye harusi, akagawa malipo, akafundisha wasichana. Wageni walitoa nuqta, fedha za kumtuza mchezaji jina la mtoaji likitangazwa kwa sauti. Aliyewahi kwenda kutuza kwenye taarab hahitaji maelezo zaidi.

Huko kusini, mtindo wa ghawazi uliendelea kwa njia yake. Mabinti wa familia ya Mazin, Luxor, ndio waliojulikana zaidi katika karne ya 20: hatua nzito za kukanyaga ardhi, nyonga kulia na kushoto bila kupumzika, vidole vikipiga matasa madogo ya shaba yaitwayo sagat.

Nani aliipeleka jukwaani?

Badia Masabni. Kama utakumbuka jina moja tu kutoka ukurasa huu, likumbuke hili.

Alizaliwa Damascus mwaka 1892, akaingia uigizaji, akaolewa na mchekeshaji maarufu wa Misri Naguib el-Rihani, wakaachana. Mwaka 1926 akafungua ukumbi wake mwenyewe Barabara ya Emad el-Din, Cairo. Mwanamke, mgeni, anamiliki ukumbi, anaajiri, anafukuza, anasimama mlangoni kukagua mavazi. Aliweka maonyesho ya jioni kwa watu wote, na pia ya alasiri kwa wanawake peke yao, kwa kuwa aliijua jamii yake.

Tazama kilichobadilika na kwa nini. Mchezaji wa harusini alikuwa na nafasi ya mkeka mmoja, watu wamemzunguka pande zote, basi alicheza papo hapo, nyonga zikifanya kazi na miguu imetulia. Ukumbi wa Badia ulikuwa na jukwaa pana, watu wote wako upande mmoja, wengine mbali nyuma. Mchezaji akisimama pale pale anapotea. Kwa hiyo akaanza kusafiri: kuingia kwa hatua ndefu, kuzunguka, kukata jukwaa toka upande hadi upande. Mikono iliyokuwa chini ikainuliwa na kupewa umbo, kwa sehemu kutokana na baleti, kwa kuwa Badia alileta walimu. Kundi dogo la oud na qanun za nyuzi, nai ya kupuliza na tabla ya kupiga likawa okestra yenye fidla nyingi na akodiani, na midundo ya Amerika ya Kusini ikapenyezwa humo. Wakawekwa wachezaji wa nyuma, mistari mizima, na nyota mbele. Kile tunachokiita leo raqs sharqi, na watu wanachokidhani ni cha Mafarao, kwa sehemu kubwa kilitengenezwa pale, miaka ya 1920 hadi 1950.

Mwaka 1940 Badia alifungua Casino Opera, kubwa zaidi, kwenye uwanja wa jumba la opera. Mwishoni mwa maisha yake ya Cairo madeni ya kodi yalimwandama, akaondoka kwenda Lebanoni, ambako alifariki mwaka 1974. Casino Opera yenyewe iliteketea tarehe 26 Januari 1952, siku Cairo ilipochomwa moto.

Nani walitoka kwake?

Wengi, lakini wawili wanatajwa pamoja daima, kwa kuwa walikuwa kama maji na moto.

Tahia Carioca, msichana wa Ismailia aliyekimbia nyumbani akaingia Cairo, alipata jina la pili kutokana na densi ya Kibrazili iliyovuma miaka ya 1930. Alicheza papo hapo, mzito, mtulivu, mwenye kujiamini kama mwenye nyumba. Mwanazuoni Mpalestina Edward Said, aliyemwona Cairo mwaka 1950 akiwa kijana wa miaka 14, aliandika miaka mingi baadaye kwamba ustadi wa mchezaji kama yeye hauko katika wingi wa kutikisika bali katika uchache wake. Tahia alikuwa pia mwigizaji mkubwa na mtu wa siasa; alifungwa jela miaka ya 1950 kwa misimamo yake. Alifariki mwaka 1999.

Samia Gamal, aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki 1994, ndiye wa kuruka na kuelea. Mikono yake haitulii, mwili unaufuata muziki kama kitambaa upepo. Alicheza filamu nyingi na mwimbaji Farid al-Atrash, na mapenzi yao yalizungumzwa dunia nzima ya Waarabu.

Wa tatu naongeza kwa hiari yangu: Naima Akef, binti wa familia ya sarakasi ya Tanta, mwili wa mpira, aliyeweza kugeuza mtindo wowote ukawa wake. Alifariki mwaka 1966, hata miaka 40 hajafika.

Lile vazi la vipande viwili ni la asili?

La. Ghawazi na awalim wa karne ya 19 walivaa kanzu ndefu au koti la mikono mirefu, suruali pana ndani, na shali imefungwa nyongani. Vazi la sidiria yenye shanga, tumbo wazi na sketi iliyoanzia chini ya kitovu lilienea miaka ya 1920 na 1930, kumbi za Cairo zilipokutana na sinema za Hollywood. Hollywood ilimbuni mwanamke wa Mashariki kutokana na michoro ya Ulaya. Cairo nayo ikamtazama kwenye skrini, ikampeleka kwa fundi cherehani. Kwa Kiarabu vazi hilo huitwa bedlah, neno lile lile la suti ya mwanamume.

Baada ya mapinduzi ya 1952 serikali ilitaka matumbo yafunikwe jukwaani. Ukitazama filamu za Misri za miaka ya 1950 na 1960 kwa makini, utaona kitambaa cha wavu kimefunika kitovu. Sheria imetimizwa, na tumbo bado unaliona.

Na shela, fimbo, mishumaa kichwani, je?

Kila kimoja kina historia yake. Fimbo inatoka Misri ya Juu, kwenye tahtib, mchezo wa wanaume wa kupigana kwa bakora ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2016. Wanawake waliichukua fimbo wakaifanya nyepesi, ya mbwembwe. Shamadan, kinara cha mishumaa kinachobebwa kichwani, ni cha msafara wa harusi, zaffa, Cairo. Melaya, shuka jeusi la kujifunika la wanawake wa Alexandria, ambalo mtu wa kwetu angelifananisha na buibui la zamani, liliingizwa jukwaani kama mchezo wa kujifunga na kujifungua. Shela la kupeperusha ni la majuzi, karne ya 20, na Marekani ndiko lilikopewa dakika nyingi kuliko Misri. Mabawa makubwa ya kumetameta unayoyaona mtandaoni ni ya miaka ya 1990. Ni mazuri jukwaani, ila usimwambie mtu ni ya Mafarao.

Serikali ya Misri iliichukuliaje densi hii baada ya ukoloni?

Kwa moyo wa mashaka, lakini kulikuwa na mlango. Mwaka 1959 Mahmoud Reda, mwanamichezo wa jimnastiki aliyekuwa ameshiriki Olimpiki ya Helsinki ya 1952, alianzisha kundi la Reda pamoja na kaka yake Ali na mchezaji Farida Fahmy. Walisafiri vijijini wakatazama ngoma za watu, wakazipanga upya kwa jukwaa. Baba yake Farida, Hassan Fahmy, alikuwa profesa wa uhandisi, na kukubali kwake binti yake acheze hadharani kuliwafungulia njia mabinti wa familia nyingi. Hawakuiita raqs sharqi, wakaiita ngoma za taifa, nguo zikafunika mwili. Lakini nyonga ni zile zile. Wachezaji wa kumbi nao wakaazima kutoka kwao, na leo mwalimu yeyote wa Cairo ana kitu cha Reda mwilini.

Naomba unielezee midundo. Mwalimu wangu anasema dum na tak, sielewi.

Chukua dumbak ile ile ya taarab, iweke pajani. Piga katikati ya ngozi kwa kiganja: inatoka sauti nzito, dum. Piga ukingoni kwa vidole: inatoka kali, tak. Sasa sema kwa mdomo, ukipumua kidogo penye mkato: dum tak, tak dum, tak. Huo ni maqsum, mkate wa kila siku wa muziki wa Misri. Ibadilishe tak ya pili iwe dum: dum tak, dum dum, tak. Umefika Misri ya Juu, huo ni saidi, mdundo wa fimbo. Rudi kwenye maqsum, safari hii uibadilishe tak ya kwanza: dum dum, tak dum, tak. Huo ni baladi, mtaa, nyumbani, mwanamke amefunga shali.

Pigo moja tu limebadilika, na mwili wote unabadilika. Mimi hufundisha hivi: dum inateremsha nyonga, tak inaipandisha. Mwanafunzi akilishika hilo, ndani ya nusu saa ameacha kuhesabu.

Kisha kuna taqsim, ala moja inapojitembelea peke yake bila mdundo, nai au oud au akodiani. Hapo ndipo mchezaji anapojulikana. Hana ngoma ya kumbeba, ana pumzi yake tu. Mchezaji Soheir Zaki alijijengea jina kwa kucheza nyimbo za mwimbaji mkubwa wa Misri, Umm Kulthum, ukiwemo Inta Omri wa mwaka 1964, jambo ambalo wengi waliona ni kuthubutu mno. Alizicheza kwa adabu, bila kuzivunjia heshima, na wapenzi wa Umm Kulthum wakamkubali.

Muziki huo una uhusiano na taarab yetu?

Ndiyo, wa damu. Simulizi ya Zanzibar ni kwamba Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alileta wapigaji kutoka Misri na kumpeleka Mohammed Ibrahim Cairo kujifunza qanuni. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905. Filamu za Misri zilipokuja kwenye majumba ya sinema ya Zanzibar na Mombasa, watunzi wetu walitoka na tuni vichwani wakaziwekea mashairi ya Kiswahili. Basi bibi aliyeketi Ng'ambo, Zanzibar, akisikiliza taarab alikuwa akisikia ala zile zile zilizompigia Tahia. Tofauti ni kwamba kwetu nyimbo za aina hiyo zilisikilizwa watu wameketi, na kiuno kikasubiri ngoma yake.

Ngoma hiyo ni chakacha? Je, chakacha ni mtoto wa densi ya tumbo?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na jibu langu ni hapana. Zinafanana kwa kuwa zote ni za wanawake, za harusini, za kiuno. Lakini sikiliza: chakacha inakwenda kwa mapigo sita, mdundo wake unaviringika, wakati maqsum unakwenda kwa mapigo manne na unakanyaga. Tazama: katika chakacha wanawake wako pamoja, mstari au duara, magoti yamelegea, kiuno kinanyongwa kwa mzunguko usiokatika, leso imefungwa chini ya nyonga ili kila mzunguko uonekane. Katika raqs sharqi mchezaji ni mmoja, na nyonga inatenganisha: inagonga, inasimama, inatetemeka, inachora nane.

Kiuno cha pwani kina shule zake: unyago, msondo, ngoma za bara zilizoteremka. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliimba taarab na akapiga ngoma za unyago, na viwili hivyo alivijua kuwa ni viwili. Kusema tumefundishwa kukata kiuno na Wamisri ni kuwanyima nyakanga wetu, walimu wa unyago, haki yao. Nilipoanza kujifunza mtindo wa Cairo, kiuno changu cha chakacha kilinisaidia wiki ya kwanza na kunisumbua mwaka mzima uliofuata, maana kilikataa kusimama.

Uturuki, Lebanoni na Ghuba wanacheza namna moja na Misri?

Hapana. Uturuki ni kasi na sakafu, na ina deni kubwa kwa Waroma wa Istanbul, hasa mtaa wa Sulukule, na midundo yao ya mapigo tisa. Lebanoni imesimama katikati, na nyota yake Nadia Gamal, aliyezaliwa Alexandria, alifikisha densi hii kwenye tamasha la Baalbek. Ghuba ni jambo jingine kabisa: wanawake huvaa thobu pana la nakshi, hatua fupi fupi, na kinachochezeshwa ni nywele. Ndugu zetu walioko Muscat na Dubai wanaijua vizuri harusini.

Wanaume wanacheza?

Wamecheza siku zote. Nimewataja khawal wa Misri; Uturuki walikuwako köçek. Leo Tito Seif wa Misri anacheza kwa kanzu yake na fimbo, na wanawake wanasafiri kwenda kujifunza kwake.

Imekuwaje ikawa mazoezi ya kupunguza unene Ulaya na Marekani?

Baada ya Chicago ilishuka kwanza kwenye maonyesho ya bei rahisi, kila mji ukiwa na mwanamke aliyejiita Little Egypt. Miaka ya 1950 na 1960 vilabu vya wahamiaji wa Kigiriki, Kituruki, Kiarmenia na Kiarabu, New York Barabara ya Nane, viliipa uhai wa kweli: wapigaji wa mataifa matano jukwaa moja. San Francisco, mwishoni mwa miaka ya 1960, Jamila Salimpour aliunda kundi la Bal Anat na kuzipa hatua majina ili ziweze kufundishika darasani. Kutoka mstari wake, mwaka 1987, Carolena Nericcio alianzisha FatChanceBellyDance, mtindo wa kucheza kwa kundi bila kupanga kabla, kwa ishara. Huo ni wa Marekani. Wenyewe hawakudai ni wa Misri, na kwa hilo nawaheshimu. Miaka ya 1970 wanawake wengi wakaichukua kama njia ya kuipenda miili yao, na vyumba vya mazoezi vikafuata.

Hali ikoje Misri leo? Na dini inasemaje?

Fatwa waulizwe masheikh. Wengi watakutenganishia mwanamke kucheza mbele ya wanawake wenzake au mumewe na kucheza mbele ya wanaume. Mimi nafundisha wanawake, ndani.

Ninachoweza kueleza ni mkanganyiko wenyewe. Misri hakuna harusi isiyo na dada anayecheza, na binti anajifunza kwa mama kabla hajaanza shule. Lakini anayelipwa kwa kucheza anadharauliwa. Mwaka 2003 serikali iliwapiga marufuku wachezaji wa kigeni, na mwaka uliofuata ikaondoa marufuku. Mwanzoni mwa 2022 mwalimu wa shule katika mkoa wa Dakahlia alifukuzwa kazi kwa sababu mtu alimrekodi kwa siri akicheza na wenzake kwenye boti mtoni, amevaa nguo za heshima na hijabu yake. Nchi ikagawanyika, baadhi ya wanawake wakajirekodi wakicheza kumuunga mkono, na hatimaye alirudishwa kazini. Wakati huo huo wachezaji wa Urusi, Ukraine na Brazili wanajaza kumbi za Cairo, na mchezaji Mmisri Amie Sultan anapigania densi hii itambuliwe kama urithi wa taifa.

Nianzie wapi kutazama?

Filamu ya Afrita Hanem ya 1949, Samia Gamal na Farid al-Atrash. Tazama mara ya kwanza kwa raha. Mara ya pili zima sauti, mfuate Samia miguu tu, uone jinsi anavyofika mahali bila wewe kuona alivyokwenda. Kisha Tamr Henna ya 1957, umwone Naima Akef. Ukimaliza, mtafute Tahia akicheza, filamu yoyote ya miaka ya 1940. Mwanzoni utadhani hafanyi kitu. Sogea karibu na skrini, utazame sehemu ya kiuno peke yake, na usikilize tak.